Kwa Luhende, Aliyeuliza Nimenunua Nini

Luhende, umeniuliza kwenye simu, watu wakisikia,
nimenunua nini na mafao ya marehemu.
Shamba? Hapana. Bajaji? Hapana.
Mashine ya kukoboa? Ukacheka kabla sijajibu.

Nimenunua vipande.
Vipande vya nini, sikuwahi kusema,
salio likakatika, ukabaki na kicheko chako.
Sasa naandika. Karatasi haiishi salio.

Mwashi ndiye aliyenifungulia, huyu wangu wa Nagoya
anayeogesha wazee wa watu na kunitumia picha za theluji.
Alinisomea orodha usiku, nikasinzia mara mbili:
kampuni mia nane na ushei,
za Japani, za Uswisi, za Ufaransa, za Australia,
zinazopika dawa za presha, zinazochonga breki za treni,
zinazouza chokoleti, zinazokopesha matajiri wenzao.
Katika kila moja nina chembe
ambayo sisimizi angeibeba bila kuinama.

Wewe unataka jina moja.
Ulitaka jina moja mwaka ule wa tumbaku,
ukasema jani ni dhahabu, na jani likalala ghalani Urambo
likaota ukungu, mnunuzi akataja bei
akiwa ndani ya gari, injini inaunguruma.
Ukataka jina moja tena, la yule kijana wa upatu pale Kanyenye,
mwenye viatu vyeupe.
Sitaki kukukumbusha.
Nimekukumbusha.

Mimi jina sijui. Na hicho ndicho nilichonunua, kaka:
kutojua kwangu,
tena kwa bei ya chini.

Kumbuka baba kule Ipole.
Hakuwahi kunusa upepo akasema, nyuki watahamia hapa.
Alitundika mizinga sitini, mingine kwenye mininga,
mingine kwenye mitundu,
mingine ng'ambo ya mbuga tulikokatazwa kwenda.
Ishirini ilibaki mitupu. Minne aliibomoa nyegere.
Siku ya kurina hakuna aliyemwita mjinga,
na wewe ulilamba mpaka kiwiko.

Tena kumbuka dalali wake,
aliyeonja ndoo kila kituo,
akafika mjini yeye amenenepa, ndoo imekonda.
Hawa wa mfuko, katika kila shilingi elfu,
kwa mwaka mzima, wanalamba moja na nusu.
Niliuliza mara tatu. Moja na nusu.

Usidhani najigamba.
Machi iliporomoka.
Niliamka saa nane za usiku, nikatazama simu,
ng'ombe wawili wameyeyuka bila tone la damu.
Nikampigia mwanangu. Akasema, mama, usifanye kitu.
Luhende, hujawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.
Nilipepeta mchele uliokwisha kupepetwa,
nikaupepeta tena,
mpaka adhana ya Isevya ikanikuta uani na ungo.
Wamerudi, ng'ombe wale. Mmoja na nusu.
Mwingine yuko njiani, au hayuko.

Mgalula alikata na kuunga treni hapa stesheni
miaka thelathini na mmoja:
haya ya Mwanza, haya ya Mpanda, haya ya Kigoma.
Grisi haikumtoka kwenye kucha hata tulipomwosha.
Mpanda kwenyewe hakuwahi kufika.
Alifunga koleo, akapunga taa, watu wakafika.
Sasa jasho lake limo katika breki
za treni ambayo mimi sitaipanda,
na abiria wake hawanijui, nao watafika.

Honi ikilia usiku, bado nahesabu mabehewa. Ni mazoea tu.

Ukija sikukuu, usiniulize imezaa ngapi.
Niulize baada ya miaka kumi, tukiwapo.
Ila ile laki mbili niliyokukopesha mwaka wa tumbaku,
ile sikuigawa vipande mia nane.
Ile ina jina moja.