Mafuta ya Jana

Kila baada ya isha, Bi Batuli wa Kibokoni
hunipa dumu la mafuta yaliyochoka:
meusi, yana makombo ya viazi karai
na mbegu moja ya pilipili isiyokubali kuzama.
Zamani akiyamwaga mtaroni.
Mtaro ukaziba, mtaa ukanuna.

Nayachuja kwa leso kuukuu.
Maandishi yake bado yasomeka:
USINITUPE SIJAISHA.
Nayachemsha mpaka maji yaliyojificha ndani
yapasuke, yatoke, yaage.
Kisha spiriti na magadi makali,
glavu mkononi, madirisha wazi,
na sigara ya fundi Shekuwe ibaki sikioni mwake.

Mara ya kwanza nilipata sabuni.
Ndoo nzima.
Bi Batuli akasugulia masufuria wiki mbili,
akanambia, "Elimu yako yatoa povu."

Mara ya tano yakajigawa yenyewe usiku:
chini uji mweusi, mzito, wa kununa;
juu wepesi, rangi ya asali mbichi.
Sikulala. Nilikaa nikiyatazama
kama mtu alindaye maziwa jikoni.

Alfajiri, umeme umekatika.
Shekuwe akazungusha hendeli ya jenereta.
Ikakohoa. Ikapiga chafya. Ikashika.

Moshi ukapanda ghorofani, ukaingia vyumbani,
na punde mtoto wa jirani, hajanawa uso,
akasimama mlangoni na sahani ya bati
na shilingi ishirini.
"Nipe za zote. Ukwaju tia mwingi."

Sikuwa na kiazi hata kimoja.
Nikamwonyesha taa.