Swali la Kumi na Saba

Pipa la lita mia mbili limewekwa chini ya paa.
Mvua ikinyesha, huingia lita nne kila dakika.
Litajaa baada ya muda gani?

Nililitunga mwenyewe, Santiago, mwezi wa Julai,
dirisha likichuruzika, soksi zimelowa.
Nililipenda. Fupi, halina kona.
Kwenye majaribio halikunisumbua:
wasiojua walibaki chini, wajuao wakaenda juu,
mstari ukapanda taratibu kama shingo ya bata.

Kisha watoto laki mbili wakalifanya,
na kompyuta ikanirudishia mistari miwili.
Mmoja wa kusini, kule mvua haipigi hodi.
Wa pili wa jangwani, umelala chini ya mwenzake,
ingawa ni watoto wa uwezo uleule,
maswali mengine yote wamekwenda sambamba.

"Ni nukta sita tu," alisema Baldomero.
"Liache. Wizarani wanasubiri ripoti."

Nikashuka ghalani, nikafungua maboksi.
Karatasi ya Nayadet Colque, darasa la nne, Atacama,
penseli yake imekandamizwa hadi upande wa pili:

"Halijai. Kwetu mvua hainyeshi.
Maji huletwa na lori siku ya Jumanne.
Lori likija pipa hujaa kwa dakika tatu.
Nimehesabu."

Pembeni, kwa wino mwekundu, msahihishaji
ametia sifuri, duara lililofungwa vizuri
kama mdomo wa pipa.

Miaka kumi nimesomea kupima.
Najua kosa la kipimo lina jina na alama yake,
najua kulitenga, kulikalisha kwenye jedwali.
Sikujua kwamba lina mwandiko.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini haba ya wapi,
na kibaba kilichongwa kwa mkono wa nani?

Nikaandika: futeni la kumi na saba.
Sababu? Mtunzi.
Likafutwa. Wastani wa kaskazini ukapanda kidogo,
gazeti halikuona.
Ile sifuri ingali ndani ya boksi.

Nimeanza jingine: Lori la maji hubeba...
nikawakumbuka watoto wa Chiloé, buti zao topeni,
lori la maji wamelionea wapi?
Nikakata.
Ndoo, nikaandika. Ndoo kila mtu anaijua.

Nikaitazama ile ndoo muda mrefu,
kama mtu anayesubiri ikane.