Neno Lisilo na Doa

Miaka mitatu nilimwita kwa neno moja, siia,
njoo hapa, neno la baba yangu na la babake,
fupi, linatoka mdomoni na mvuke.
Naye Tuisk, masikio juu, alinipima
toka ng'ambo ya shamba la viazi,
akageuka, akaenda zake kunusa vichaka vya mreteni.

Nikasema ni kiburi. Nikasema ni uzao,
mama yake alikuwa vivyo hivyo, sikio la kufa.

Maarja alikuja kwa feri ya Ijumaa,
akaketi kizingitini, akahesabu kwa vidole:
"Baba, humwita lini?
Unamwita umfunge mnyororo.
Unamwita umkate kucha.
Unamwita mchezo ukinoga, uuzime.
Juzi ulimwita, akaja, ukamchapa kwa kuchelewa."
Nikanyamaza. Chai ikapoa.
"Neno umelichafua. Halifuliki. Tafuta jingine."

Kataa neno, usikatae wito, husema watu.
Lakini mbwa hana kisu cha kuvitenga viwili hivyo:
kwake wito ndio neno, na neno ndilo mnyororo.

Yeye ndiye aliyechagua: pannkook,
chapati za maji,
kwa kuwa, alisema, katika nyumba hii
hakuna aliyewahi kulitamka hilo kwa hasira.

Basi nikawa mzee wa miaka sitini na tisa
anayesimama jikoni, hatua mbili toka kwa mbwa,
akinong'ona pannkook na kutoa dagaa wa moshi.
Hatua mbili. Kesho tatu. Kisha tano, na mlango katikati.
Kila mara samaki. Kila mara sauti ya sherehe,
ambayo sikujua kama bado ninayo.
Halafu, na hapa ndipo niliposhindwa kuelewa, nimwachie:
aje, ale, aende tena.
"Akijua kuja si mwisho wa raha, atakuja."

Jirani Kaljo alisimamisha trekta:
"Umeanza biashara ya chapati?"
Nikamwambia njoo ule. Hakuja.
Koti langu likanuka hadi kanisani.
Siku ya kumi na nane alipita sungura,
na kazi yote ikapita naye.
Tukarudi jikoni. Hatua mbili.

Machi, barafu ya ghuba ilikuwa kijivu,
rangi ambayo mwenye akili haikanyagi.
Tuisk alikwishafika mbali, nyuma ya bata bukini,
na chini yake nikasikia mlio kama shuka inayochanwa.
Siia ilinijaa kooni. Siia, na tusi juu yake.
Nikavimeza vyote. Nikapiga magoti, nikafungua mikono,
na kwa sauti ya mtu aliyeletewa keki
huku mapaja yakitetemeka, nikaita:
pannkook!

Aligeuka angali hewani.
Alikuja tumbo chini, ulimi kando,
ufa ukijiandika nyuma yake,
akanigonga kifuani, tukabingirika kwenye mwani mkavu.
Mfukoni hamkuwa na samaki. Nilikuwa nimesahau.
Nikampa glavu. Akaona yatosha.
Mfuko wa pili ulikuwa na mnyororo.
Nikatembea naye hadi juu, shambani, kwenye udongo,
nikamwambia: nenda.

Jumapili nikampigia Maarja.
Alipokea mlio wa sita, sauti imejikunja:
"Kuna nini, Baba?"
Siku zote kulikuwa na kitu. Paa. Kodi. Mbona hujaja.
"Hakuna," nikasema. "Nimekaanga chapati za maji, nikakukumbuka.
Basi. Nenda kaendelee na yako."
Kimya.
Kisha, mbali huko,
nikasikia kiti kikivutwa, na yeye akikaa.