Bahasha Nene, Bahasha Nyembamba

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kileleni,
huko Duluth, ambako theluji huingia Oktoba bila hodi
ikakaa hadi Aprili kama mgeni asiyejua kuaga.
Mimi nilikuwa mpeleka barua.
Miaka ishirini na tisa nilipanda kilima kile,
na kitabu pekee nilichokimaliza kilihusu matrekta.

Sandukuni aliandika majina manne kwa rangi nyeupe:
Verna Lahtinen, jina la kodi na la kanisani;
V. L. Stroud, msafirisha watu nyotani;
Rowena Pell, mfuga majoka;
na Amos Grimsrud, ambaye barua zake
nilizishika kwa ncha za vidole.
"Mnaishi wangapi humu?" nikamuuliza.
"Inategemea nani kalipwa mwezi huu."

Nikaisoma kazi yake kwa kiganja.
Bahasha nene ni mswada uliorudi nyumbani
kama mtoto aliyefukuzwa shule.
Nyembamba ni hundi.
Senti tatu kwa neno, aliniambia,
ndiyo maana mazimwi yake hayafi upesi:
"La! La! La!" ni senti tisa,
na yule pweza wa ziwani
aliyekata roho kwa kurasa kumi na mbili
ndiye aliyelipia boila.

Ulikuja mwaka wa nene, nene, nene.
Nilizificha chini ya matangazo ya nyama na sabuni.
Lakini huyu si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa:
alilipima rundo kwa jicho, akafunga mlango,
na kabla sijafika kwa jirani
taipureta ilikuwa ikitatarika tena.

Mke wangu ndiye aliyegundua.
"Umekufa," akaniambia jikoni, kidole ukurasani.
Mpeleka barua mrefu, masharubu mekundu, goti bovu,
kamezwa na ukungu.
Tukatafuta vingine.
Nimeyeyushwa kwa mionzi kwenye mwezi wa Zohali.
Nimenyongwa na mkanda wa begi langu mwenyewe.
Joka limenitafuna, likanitema: nina ladha ya gundi.
Mara saba!
Nikamwendea. Hakuona haya.
"Msomaji anakupenda kwa mistari miwili tu, Bwana Nygaard.
Sina budi kuanza na mtu wa kupendwa."
Siku hiyo nilishuka kilima bila kulisikia goti.

Kuna majira ya joto Grimsrud alivuma.
Barua zilikuja kwa gunia, nyingine kwa wino mwekundu,
kutoka kwa vijana waliodhani ni mzee mkondefu
anayelala makaburini.
Alizijibu moja moja, amevaa soksi za sufu,
mkate wa iliki ukiumuka kando ya jiko.

Kisha Arvid, mumewe, akafa Februari,
ardhi ngumu, jeneza likangoja masika.
Miaka miwili Grimsrud hakuandika neno.
Sikuuliza. Nilileta bili, nikashuka.

Alipoanza tena, wahariri aliowajua walikuwa wamestaafu,
na wapya walimwandikia "Mpendwa Mwandishi".

Yeye mwenyewe alikufa Machi.
Mwezi Mei ikaja bahasha moja, nene.
Sheria inasema irudi ilikotoka.
Nilikuwa nimebakiza wiki sita za kazi.
Nikaichana kwa kisu cha siagi
na, Mungu anisamehe, nikajitafuta.

Ukurasa wa mia mbili na sita.
Mji umefukiwa. Anga imepasuka kama yai.
Mpeleka barua anapanda kilima, goti linamuuma,
kuna kitu nyuma yake kinapumua.
Nikangoja.
Anafika. Anabisha. Mlango unafunguka,
harufu ya iliki inatoka,
na mtu anamwambia, "Umechelewa, ingia."

Pembeni, kwa penseli ya mhariri:
"Pamepoa hapa. Kwa nini huyu hafi?"

Nikaenda kutafuta kifutio.