Nguzo ya Arobaini na Moja

Raushan hubisha hodi kwa maji.
Humwaga funda moja chini ya nguzo,
chumvi hulinywa kabla halijatua,
kisha juu ya tope lile husimamisha
kichupa chake cha mrututu,
hunyoosha waya, huinamia mita,
na kuuliza: hujambo, chuma?

Bomba hujibu kwa tarakimu.
Hasi mia tisa: sijambo.
Hasi mia nane na hamsini: sijambo kidogo.
Ikipungua hapo, limelala linaugulia
na mjini bado hawajui.

Nilikuwa na mwezi mmoja kazini,
kazi yangu kubeba sururu na kunyamaza.
Nyika ya Kazakistani ilikuwa nyeupe pande zote,
si theluji, chumvi,
na gari la Yerkin lilikohoa nyuma yetu
nguzo hadi nguzo.

Bomba limevaa lami, na juu ya lami utepe.
Lakini kikulacho ki nguoni mwako:
penye tundu la sindano
udongo huu hupenyeza ulimi.
Ndiyo maana kando ya kila nguzo
walizika mche wa magnesi, kilo kumi na nne,
wakaufunga na bomba kwa waya wa shaba,
wakauambia: kuliwa ni kwako.
Si shujaa. Haukuulizwa.
Ni madini tu yenye tabia
ya kutoa upesi kilicho nacho.

Nguzo ya arobaini na moja:
hasi mia tano na themanini.
Akamwaga funda la pili.
Akafuta ncha ya waya kwa upindo wa koti.
Hasi mia tano na themanini.
"Chimba," akasema.

Nilichimba mimi, Yerkin akivuta sigara.
Adhuhuri nikaufikia mche,
mzima, kingo zake kali,
mche wa sabuni ambao hajaoga nao mtu.
Nikafurahi. Nikapaza sauti: haujaguswa!
Raushan akanitazama
kama anavyotazamwa mtu aliyecheka msibani.

Waya ulikuwa umekatika shingoni.
Baridi tatu mfululizo mzee Koishibai
alimfunga ngamia wake kwenye nguzo yetu,
na ngamia, mvuto kwa mvuto,
aliichomoa dawa kwa mgonjwa.

Tukambandua bomba nguo.
Ngozi ya ndui.
Shimo moja lilitosha punje ya dengu;
akaingiza sindano ya kupimia kina:
milimita sita, kati ya nane.
Mbili ndizo zilizobaki
kati ya jangwa na mji wa Saribulaki,
ambako saa ile, nadhani,
mtu alikuwa anaosha mchele.
Husemwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Huku anayetoboka ni mchukuzi mwenyewe.

Mke wa Koishibai akatuletea chai,
ya chumvi, ya maziwa ya ngamia.
Mzee akasimama ukingoni mwa shimo, kofia mkononi:
"Ameharibu nini mnyama wangu?"
Raushan hakumjibu.
Alichukua nondo garini, akaipigilia chini
hatua ishirini kutoka kwetu,
akamkabidhi kamba.

Brashi ya waya mpaka chuma king'ae.
Kiraka cha chuma. Lami ya moto, utepe.
Kabla ya lami, baruti kidogo ndani ya kikombe cha grafaiti,
tukageuza nyuso,
na waya mpya ukaungana na bomba
kwa mwako wa kufumba na kufumbua.

Tulifukia. Akamwaga funda.
Hasi mia nane tisini na tano.
Akaandika daftarini, tarehe kwanza.

Nikamuuliza mche ule utadumu muda gani.
"Ukifanya kazi yake, miaka kumi na miwili."
"Na usipofanya?"
"Milele."
Akajifuta mrututu kidoleni
na kumwambia Yerkin awashe gari.