Msasa

Kila wiki tatu Tasnimu hupokea mgeni
kwa mshipa wa mkono wa kushoto:
damu ya mtu wa Mbagala labda, au wa Bunju,
mfuko una namba, hauna jina.
Shukrani zetu tunauambia ukuta.

Mgeni huyeyuka. Chuma chake hubaki.

Mimi ni fundi mageti, Gerezani.
Chumvi ya jiji hili naijua inavyokula bawaba
kimyakimya, chini ya rangi.
Jana daktari kanigeuzia kioo:
moyo wa mwanangu ukidunda kijivu,
chumba cha kushoto kimechoka, akasema,
na binti ana miaka kumi na tisa.
Nikauliza, ni kutu?
Akasita. "Tuseme hivyo, mzee."

Alipokuwa mdogo, sindano zikimliza,
nilimwambia: uwe na moyo wa chuma, mama.
Ningejua, ningejiuma ulimi.

Pampu hufungwa saa tatu usiku,
sindano nyembamba tumboni, dawa ya kunasa chuma,
inong'one chini ya shuka mpaka alfajiri.
Miezi mingi alikuwa akiichomoa kwa siri,
akisingizia joto, akisingizia mbu,
nami nikisingizia kulala.
Jana kaifunga mwenyewe. Hakuniangalia.

Leo, kabla maji ya bomba hayajakatika,
sauti yake ikatoka chooni:
"Baba! Mkojo mwekundu! Kinatoka!"

Nimesugua mageti miaka thelathini,
kucha zangu hazijawahi kutakata.
Nikasimama koridoni na mswaki mdomoni,
nikishangilia kutu.