Nyota Imekasirika

Ndugu mtengenezaji,
sura yako siijui, nakijua kidole chako tu:
kimepita kila mahali ndani ya vishikwambi hivi kumi na viwili
tunavyovichaji ofisini kwa mwalimu mkuu,
shule ya msingi, nyuma ya karakana ya reli, Tabora.

Nakuandikia kuhusu nyota.

Kwenye Kusoma, mtoto akiunganisha ma na ma
akapata mama, nyota inachomoza pembeni.
Anaigusa, inacheka, inampigia kengele,
darasa zima linageuka.
Kwenye Hesabu ni nyota hiyo hiyo, njano ile ile,
ncha tano zile zile, imekaa pembeni pale pale,
na kazi yake ni kufuta.

Nyamizi binti Ngasa alijumlisha tangu saa nne.
Mbili na tano. Nne na tatu.
Saba na nne: vidole vikamwishia,
akaazima kimoja cha Misambo.
Akamaliza. Akaiona nyota.
Akanyoosha mkono kuchukua kengele yake.

Kioo kikawa cheupe.

Hakulia. Aliniangalia kwa upole,
kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa:
“Mwalimu, leo nyota imekasirika?”

Ningemjibu nini? Kwamba huko uliko
mlikuwa wawili, mmoja wa Kusoma, mmoja wa Hesabu,
na hamkuwahi kula meza moja?

Babu yake alikuwa mshika bendera hapa stesheni,
reli inapogawanyika, huku Mwanza, kule Kigoma.
Kijani pita, nyekundu simama.
Bendera ilififia, ikachanika,
ikashonwa kwa uzi wa gunia,
lakini nyekundu haikuwahi kusema pita
kwa kuwa treni ni ya mizigo,
au kwa kuwa ni Jumanne,
au kwa kuwa aliyeishona alikuwa mgeni kazini.

Na mjomba wake, mrina asali wa Sikonge,
huchonga mizinga yake mikato miwili na nukta.
Mzinga uwe juu ya mti, uwe umeanguka,
uwe umejaa au umehamwa na nyuki,
mikato miwili na nukta ni yeye, hakuna mwingine,
na mwizi anajua hivyo, na mahakama ya mwanzo inajua hivyo.
Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia mtoto huyu:
ukiona alama, umesikia neno la mtu.

Utaniambia maelezo yapo.
Yapo, nimeyaona, kwa miwani,
maandishi kama sisimizi chini ya nyota:
Gusa ili kuanza upya.
Ndugu yangu, hajajua kusoma.
Ndiyo maana tukampa kishikwambi.

Sasa sikia kilichofuata.
Alhamisi nilisahihisha madaftari, ya karatasi.
Nyamizi kapata kumi kwa kumi,
tarakimu zake zimelala upande
kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Nikachukua kalamu nyekundu nimchoree nyota,
kama nilivyowachorea watoto miaka kumi na tisa.

Akalifunika daftari kwa viganja vyote viwili.
“Usiweke, mwalimu. Itafuta.”

Kalamu ikabaki hewani.
Nje kichwa cha treni kilikuwa kinageuzwa,
kinapiga honi, na kila mtu mtaani
alijua honi ile inasema nini.

Sikuombi rangi mpya, wala wimbo, wala sungura anayeruka.
Chagua moja: nyota icheke, au ifute.
Ukishachagua, simama hapo,
Kusoma, Hesabu, Afya, kotekote,
hata siku utakapochoka nayo wewe.
Na kwa kufuta, chora dasta.
Misambo, ambaye bado anaandika tatu kinyume,
anajua dasta haina zawadi.

Ukishairekebisha nijulishe upesi.
Nadaiwa nyota moja na mtoto,
ya Alhamisi,
na sijui nitamlipa kwa alama gani.